Pauni milioni 125 ni kilemba cha nini?

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi nina fremu ya vipuri vya pikipiki hapa Morogoro na jioni huwa kibandani kuangalia mpira. Kila dirisha la usajili likifunguliwa tunabishana mpaka tunakosana. Klabu inatangaza hasara, wiki hiyohiyo inanunua mchezaji kwa pauni milioni mia. Hizo pesa zinatoka wapi, na zinalipwa kweli au ni za magazetini? Mchezaji mwenyewe anapata ngapi? Na ilikuwaje Alexander-Arnold akaondoka Liverpool kwa bei ya kutupa, halafu Liverpool hiyohiyo ikatoa milioni 125 kwa Isak? La mwisho linanihusu. Mpwa wangu ana miaka 15, anajua mpira kwelikweli. Kuna bwana anasema ni wakala, anataka shilingi milioni nne ampeleke majaribio Ulaya. Kwa bei hizi tunazozisikia, si bora tukope tu?"

Kaka, naanza na mwisho wa barua yako maana ndiko kwenye moto. Hiyo milioni nne usiitoe, na usiikope. Sababu zake nitazifikia, lakini zitakuingia vizuri zaidi ukishajua kinachouzwa hasa kwenye hizo biashara mnazobishania.

Turudi dukani kwako. Ulipoitafuta hiyo fremu, sina shaka ulimkuta mtu ndani, na kama ni sehemu yenye mzunguko wa watu hakutoka bure. Ulimpa kilemba. Kile kilemba hakikuwa bei ya jengo, jengo lina mwenyewe. Ulimlipa aondoke kabla mkataba wake wa pango haujaisha ili uingie wewe. Kama alikuwa amebakiza miaka mitatu na biashara inatembea, alikutajia bei ya kukutoa jasho. Kama angekuwa amebakiza wiki mbili, ungekaa zako nje unakunywa kahawa, unasubiri.

Ada ya uhamisho ni kilemba. Mtu haununuliwi. Inanunuliwa miaka iliyobaki kwenye karatasi aliyosaini. Ukilishika hilo, nusu ya ubishi wenu umekwisha.

Chukua hao wawili uliowataja. Trent Alexander-Arnold alilelewa Liverpool tangu ana miaka sita, na mkataba wake ulikuwa unamalizika tarehe 30 Juni 2025. Real Madrid ingeweza kumpata bure Julai. Lakini ilimtaka kwa Kombe la Dunia la Klabu lililokuwa linaanza katikati ya Juni kule Marekani, ikalipa takriban yuro milioni 10 ili atoke mwezi mmoja kabla. Nyinyi mnasema bei ya kutupa. Mimi nasema kwa pango la mwezi mmoja, hiyo ni ghali.

Alexander Isak alikuwa kinyume chake. Newcastle ilimchukua kutoka Real Sociedad Agosti 2022 kwa takriban pauni milioni 60, mkataba wa miaka sita. Kiangazi cha 2025 alikuwa bado ana miaka mitatu. Liverpool ikapeleka ofa ya milioni 110, ikakataliwa. Na hapa mfano wangu wa kilemba unavuja kidogo, kwa sababu fremu haigomi. Isak aligoma. Hakusafiri na wenzake kwenye maandalizi ya msimu, akaandika hadharani kwamba ahadi alizopewa zilivunjwa, msimu ukaanza hayupo uwanjani. Siku ya mwisho ya dirisha, tarehe 1 Septemba, Newcastle ikakubali milioni 125, dau ambalo klabu ya England haijawahi kulitoa kabla. Thamani ya miguu yake ilichangia, ndiyo. Lakini Newcastle ingekuwa imebakiza mwaka mmoja tu mkononi, isingethubutu kukataa ile 110.

Zamani haikuwa hivi. Hata mkataba ukiisha, klabu iliendelea kumshikilia mchezaji na kudai pesa. Mbelgiji Jean-Marc Bosman mkataba wake na RFC Liège ulimalizika mwaka 1990, akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, klabu ikamzuia kwa sababu ya pesa. Alienda mahakamani akakaa huko miaka mitano. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mkataba ukiisha, mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya anaondoka huru. Tangu hapo saa ya ukutani ndiyo inayopanga bei. Muulize mtu wa PSG, klabu ya Paris. Walikubali kuilipa Monaco yuro milioni 180 kwa Kylian Mbappé, na Juni 2024 mkataba wake ukaisha akaenda Madrid. PSG haikupata hata senti ya ada.

Mchezaji anapata ngapi kwenye ada? Kwa kawaida hapati kitu. Pesa hiyo inatoka klabu kwenda klabu. Yeye anajadili mshahara wake, pesa ya kusaini na bonasi, na wakala wake anakata asilimia yake. Ndiyo maana mchezaji aliyemaliza mkataba mara nyingi hupewa pesa nono ya kusaini, kwani klabu mpya imeokoa kilemba na yeye anajua hivyo.

Sasa lile la hasara. Kuna vitu viwili mnavichanganya kibandani, na siwalaumu, hata watangazaji wanavichanganya. Kuna pesa taslimu, na kuna vitabu vya hesabu.

Pesa taslimu ni rahisi kuielewa: ada kubwa mara nyingi hulipwa kwa awamu. Ukisikia "milioni mia", usiwazie lori la noti limepaki nje ya ofisi. Mara nyingi ni sehemu sasa, sehemu mwakani, sehemu mwaka unaofuata, na nyongeza akifunga mabao kadhaa au timu ikichukua kombe. Kwa hiyo ni pesa za kweli, ila zinalipwa kidogokidogo, na wakati mwingine klabu inayodai inakopa benki kwa dhamana ya hizo awamu zinazokuja.

Vitabu ndivyo vyenye utamu. Tuseme umelipa pango la miaka mitano kwa mkupuo, shilingi milioni 10. Mwisho wa mwaka ukipiga hesabu ya faida, utaandika milioni 10 yote ni gharama ya mwaka huu? Ukifanya hivyo duka litaonekana limekufa, na mwaka ujao litaonekana linachapa faida ya ajabu. Mhasibu atakuambia andika milioni mbili kila mwaka. Klabu zinafanya hivyohivyo. Mchezaji wa pauni milioni 100 kwa mkataba wa miaka mitano anaingia vitabuni kwa milioni 20 kwa mwaka.

Chelsea ikaitazama hesabu hiyo ikasema, mbona hakuna aliyetuambia tuishie miaka mitano? Januari 2023 ikamsajili Enzo Fernández kutoka Benfica kwa pauni milioni 106.8, mkataba wa miaka minane na nusu. Gawanya, ni kama milioni 12.6 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ingekuwa milioni 21 na ushee. Mykhailo Mudryk naye akapewa miaka minane na nusu mwezi huohuo. UEFA, chombo kinachosimamia soka la Ulaya, ikashtuka, na mwaka huohuo ikaweka ukomo kwamba msaini hata miaka 20, gharama mtaigawa kwa mitano tu. Klabu za Ligi Kuu ya England zilipiga kura kufuata ukomo huo Desemba 2023.

Upande wa kuuza ni tofauti kabisa, na ndio unaowafanya wahasibu wa mpira walale usingizi au wakose. Gharama inagawanywa kwa miaka, ila faida inaandikwa yote siku moja. Rudi kwa Isak. Milioni 60 kwa miaka sita ni milioni 10 kwa mwaka. Baada ya miaka mitatu vitabuni amebaki milioni 30. Ukimuuza kwa 125, umeandika faida ya kama milioni 95 kwa mpigo. Na yule uliyemlea mwenyewe tangu utotoni? Vitabuni ana sifuri. Ukimuuza, kila pauni ni faida. Chelsea ilimuuza Mason Mount, kijana wake wa tangu utotoni, kwenda Manchester United mwaka 2023 kwa milioni 55. Mashabiki walilia. Mhasibu, nadhani, hakulia sana.

Haya yote yana maana kwa sababu ya kanuni. Ligi Kuu ya England iliweka kwamba klabu isipate hasara inayozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, ukitoa baadhi ya gharama kama akademi na timu ya wanawake. Kwa miaka watu waliichukulia kama alama ya barabarani. Novemba 2023 Everton ikakatwa pointi 10, zikapunguzwa hadi sita kwenye rufaa, kisha ikakatwa mbili nyingine. Nottingham Forest ikakatwa nne Machi 2024. Kosa la Forest lilinifurahisha, kama inafaa kusema hivyo. Walikuwa na mchezaji wa kuuza, Brennan Johnson, lakini walingoja bei nzuri wakamuuza Septemba badala ya kabla ya tarehe 30 Juni, siku ambayo vitabu vinafungwa. Walipata pesa nyingi zaidi na adhabu juu.

Ukiijua tarehe 30 Juni utaelewa vituko vya Juni 2024. Aston Villa ilimnunua Ian Maatsen kutoka Chelsea kwa takriban milioni 37.5, na siku hizohizo Chelsea ikamnunua Omari Kellyman, kijana wa miaka 18 aliyecheza mechi za kuhesabika, kutoka Villa kwa takriban milioni 19. Kila upande unaandika faida leo, na gharama unaigawa kwa miaka. Kanuni haikuvunjwa. Lakini mtu akiniuliza kama bei ya kijana yule ilipangwa uwanjani au kwenye meza ya mhasibu, nitatabasamu tu. Chelsea hiyohiyo iliuza hoteli zake mbili kwa kampuni dada kwa pauni milioni 76.5, ni kama wewe umuuzie mke wako pikipiki kisha uandike kwamba biashara imechanganya. Ligi Kuu ilikubali. UEFA haikuihesabu, na Julai 2025 Chelsea ikapigwa faini ya jumla ya yuro milioni 31 kwa kukiuka kanuni za fedha za UEFA.

Umeuliza zinatoka wapi. Nyingi zinatoka kwako. Mkataba wa televisheni wa Ligi Kuu kwa Uingereza peke yake, ulioanza msimu wa 2025/26, ni pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne, na haki za kuonyesha nje ya Uingereza ni pesa nyingine juu ya hizo. Mwenye kibanda analipia king'amuzi, wewe unatoa mia tano mlangoni, na tusiulize kama kifurushi chake ni cha nyumbani au cha biashara. Ongeza wadhamini, tiketi, jezi, na wamiliki wenye mifuko mirefu. Newcastle ina mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia nyuma yake tangu 2021, PSG ina Qatar.

Lakini kuna jambo moja mnalolisema kibandani ambalo si kweli, kwamba kila mwaka rekodi inavunjwa. Rekodi ya dunia ni Neymar, yuro milioni 222 kutoka Barcelona kwenda PSG, Agosti 2017. Mwaka 2025 ilikuwa bado imesimama. Kilichopanda ni katikati. Beki wa kawaida, kiungo wa timu ya nafasi ya kumi na mbili, leo anatajwa kwa milioni 40 au 50 na hakuna anayegeuka kutazama. Kiangazi cha 2025 klabu za Ligi Kuu zilitumia zaidi ya pauni bilioni 3.

Na hiyo biashara ya Neymar inaonyesha vizuri bei inavyoambukiza. Barcelona ilibaki na milioni 222 na kila muuzaji Ulaya alijua. Ukiingia Kariakoo umeshika bunda mkononi, utapunguziwa bei na nani? Wakamchukua Ousmane Dembélé kutoka Dortmund kwa yuro milioni 105 pamoja na nyongeza, kisha Januari 2018 Philippe Coutinho kutoka Liverpool kwa zaidi ya hapo. Mwezi huohuo Liverpool ilimpokea Virgil van Dijk kwa milioni 75 za pauni, na kiangazi ikamleta kipa Alisson. Liverpool ikachukua ubingwa wa Ulaya 2019. Barcelona kufikia 2021 ilikuwa na madeni yanayozidi yuro bilioni moja, na Agosti mwaka huo ikashindwa kumsajili upya Messi kwa sababu kanuni za La Liga, ligi kuu ya Hispania, za ukomo wa mishahara hazikuruhusu. Kwa hiyo ukiniuliza kama kutumia kunaleta ushindi, nakujibu hivi: mishahara inaeleza nafasi kwenye msimamo vizuri kuliko ada za uhamisho. Chelsea ilimwaga pesa msimu wa 2022/23 ikamaliza ya 12.

Sasa mpwa wako.

Umeona ni nani analipa nani: klabu inailipa klabu, kwa ajili ya mkataba. Mtoto wa miaka 15 hana mkataba wa kulipwa, kwa hiyo hana kilemba, kwa hiyo hizo bei za kina Isak hazimhusu leo hata kwa mbali. Pili, kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wamehamia huko kwa shughuli zisizo za mpira. Kuna nafuu ya miaka 16 hadi 18, lakini hasa ni kwa wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi. Barcelona ilifungiwa kusajili kwa kosa hili kufuatia uamuzi wa 2014, Chelsea ikafungiwa 2019. Kama wao hawakuweza kupenya, bwana wako wa milioni nne anapitia wapi?

Wakala halali ana leseni ya FIFA na jina lake linapatikana kwenye tovuti ya FIFA. Analipwa asilimia ya mkataba unaposainiwa, hamtozi mzazi ada ya "majaribio". Na klabu inayomtaka kijana kweli kwa kawaida hubeba gharama za safari yenyewe. Jaribio langu ni rahisi: mwambie mkutane ofisi ya chama cha soka cha mkoa, aje na leseni yake. Wengi simu zao huzimika siku hiyo. Akija, mkae na mtu wa chama, na karatasi yoyote ya kusaini ipelekeni kwanza kwa wakili au kwa TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Kama tayari ameshachukua pesa, au anashikilia pasipoti ya mtoto, hapo usiniandikie mimi. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, uende leo.

Kuna kitu cha kufanya badala ya kukopa, nacho hakina gharama kubwa. FIFA inataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zote zilizomlea mchezaji kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka wa 16 hadi 23 ni asilimia 0.5. Kwa ada ya pauni milioni 10, mwaka mmoja tu wa umri wa mpwa wako ni pauni 25,000, zaidi ya shilingi milioni 75 kwa timu ya mtaani. Mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alipohama Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa Januari 2020, karibu miaka yake yote inayohesabika ilikuwa ya Afrika: African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi. Genk yenyewe ilimpata akiwa ameshatimiza 23. Pesa hiyo haiji kwa mchezaji wala kwa mjomba wake, inaenda kwa klabu. Ila klabu inayojua kwamba kuna chake kesho ina sababu ya kumlea kijana vizuri leo.

Inapatikana tu kama kuna rekodi ya usajili. Niliwahi kuitwa kupanga hesabu za klabu moja, jina naliacha. Nikaomba fomu za vijana wa miaka iliyopita. Katibu akafungua kabati, mchwa walikuwa wameshamaliza faili la chini na wako kwenye la tatu. Akacheka, akasema, "Hawa ndio mawakala wetu." Kijana mmoja aliyepita pale alikuwa tayari anacheza nje ya nchi.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla hujafungua duka, mpeleke mpwa wako kwenye timu anayochezea na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Hakikisha timu imesajiliwa kwenye chama cha soka cha wilaya, na yeye ameandikwa kwa jina lilelile lililo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Omba nakala ya fomu yenye mhuri. Jumatatu arudi shule. Ile nakala iweke kwenye mfuko wa nailoni, juu kabisa ya kabati.